Joto Lililokwisha Kulipiwa

Ami yangu marehemu, aliyekula umri wake katika vyumba vya injini vya meli za mizigo, alikuwa na neno alilolikariri kila akitukuta sisi watoto pale Tanga tukipuliza kuni mbichi ili tumchemshie bibi maji ya kuoga: kwamba baharini hakuna atokwaye na machozi ya moshi kwa ajili ya maji moto, kwa kuwa injini, katika jitihada yake ya kuisukuma meli, hutupa joto jingi kuliko wawezalo kulitumia mabaharia wote, hata wakioga kutwa mara tano. Tulimcheka, kwani alikuwa mtu wa masihara, nasi hatukuwa na akili ya kutambua kwamba mara hiyo alikuwa akisema kweli tupu. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, alinieleza kwa taratibu jinsi maji yaipozayo injini yanavyopelekwa kwenye birika kubwa lililonyonywa hewa, ambamo maji ya bahari huchemka kwa joto la nyuzi 50 hivi badala ya 100, na mvuke wake hukusanywa ukawa maji matamu. Yaani chombo kilekile kinachowavusha watu bahari ndicho kinachowanywesha na kuwaogesha, pasi na kuongezewa hata kibaba kimoja cha mafuta.

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye, mbali na bahari, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200, ambapo usiku wa Julai humfanya mtu wa pwani ajute kuumbwa na ngozi. Tulikuwa tumefika magharibi tukitokea Serengeti, watu watano na mizigo yetu ndani ya Land Cruiser kuukuu, na kila mmoja wetu amevikwa vumbi kama aliyefukuliwa. Wageni walitangulizwa kuoga. Moto wa kuni ulikokwa, madumu yakatelekwa juu yake, na maji yalipopata moto yakatiwa katika ndoo ya turubai yenye bomba la mvua kitakoni, ikapandishwa mtini kwa kamba na kapi, kama ilivyo dasturi ya kambi za safari tangu zama za wawindaji. Dereva, aliyeshika usukani tangu alfajiri na ambaye mara mbili alilala chali chini ya gari kufunga springi iliyolegea, alinawa uso kwa kikombe cha maji baridi, akajipangusa kwa kitambaa cha kufutia vioo, akasema, "Mimi nitaoga tukishuka, mzee." Nilipomuuliza mbona maji yapo motoni, alinijibu kwa upole, kama amjibuye mgeni wa mji, kwamba maji yale yamekwisha hesabiwa. Nikaenda nikaweka kiganja juu ya boneti ya gari. Nusu saa ilikuwa imepita tangu injini izimwe, na bati lile lilikuwa bado lina fukuto kama kifuniko cha chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Hapo ndipo ilipozaliwa rai ninayoitoa leo bila ya kusita: gari lolote la safari ndefu za nyikani lisilo na kifaa cha kupashia maji ya kuoga kwa joto la injini yake ni gari lifanyalo israfu, na mwenye gari anunuaye kuni za kumwogesha mgeni, ilhali dereva wake analala na jasho lake, anafanya israfu mbili kwa pamoja, ya joto na ya mtu.

Tulitazame joto kwanza, maana hesabu yake ni nyepesi. Katika kila lita tatu za dizeli azitiazo mtu tangini, takriban lita moja tu, au zaidi kidogo injini ikiwa njema, ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Nyingine hutoka kwa eksozi, na nyingine hubebwa na maji ya rejeta, yakapepewa na feni, likaenda na upepo joto ambalo mwenye gari amekwisha lilipia senti kwa senti pale kituoni. Sasa mtu aogaye kwa uangalifu hutosheka na lita 12 za maji. Kuyatoa maji hayo katika ubaridi wa nyuzi 15 mpaka uvuguvugu wa nyuzi 40 kwahitaji megajuli moja na robo, nayo ni pungufu ya sehemu moja ya 25 ya nishati iliyomo ndani ya lita moja ya dizeli. Fauka ya hayo, injini iliyofanya kazi kutwa ni kama jiwe la tanuri: chuma chake, ambacho kwa gari la namna ile hupita kilo 200, kikipoa kutoka nyuzi 85 hadi 45, huachia joto la kuwaogesha watu wawili na kumkaribia wa tatu, bila ya kuhesabu lile lililomo katika maji ya rejeta yenyewe. Mtu anayewasha kuni kando ya chuma cha namna hiyo ana tofauti gani na ateremkaye kisimani na ndoo ilhali mvua inamnyeshea utosini?

Fikra ya kutoacha kitu cha injini kipotee si ngeni kwa watu wa jangwani. Mwingereza Ralph Bagnold, afisa wa jeshi aliyezoea kuvuka mchanga wa Misri na Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920, aliona kwamba rejeta ikichemka humwaga mvuke, na mvuke ule ni maji ya kunywa yanayokimbia. Akaunganisha mpira kutoka kwenye mdomo wa rejeta hadi kwenye kopo lenye maji baridi lililofungwa ubavuni mwa gari, mvuke ukawa unageuka maji humo ndani, na gari liliposimama na kupoa rejeta ikayanyonya maji yake yote ikayarudisha mahali pake. Kikosi alichokianzisha mwaka 1940 kwa ajili ya vita vya jangwani, kilichoitwa Long Range Desert Group, kilisafiri maelfu ya maili kikiwa na vikopo hivyo. Yeye aliokoa maji. Mimi ninaomba tuokoe joto, na kazi yangu ni nyepesi kuliko yake, kwa kuwa vifaa vyote tayari vinauzwa madukani.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kisichozidi ukubwa wa tofali la kuchoma. Ndani yake mna mabamba membamba ya chuma kisichoshika kutu, yamepangwa kama kurasa za kitabu na kuunganishwa kwa shaba. Katika nafasi moja hupita maji ya moto ya injini, katika nafasi ya pili hupita maji ya kuoga yakielekea upande wa kinyume, kisha tena ya injini, kisha tena ya kuoga, hata mwisho. Maji hayo mawili hayaonani kamwe. Hali yao ni ya majirani waliogombana: ukuta wao ni mmoja, joto linapita, lakini salamu hazipiti. Fundi huikata mipira inayopeleka maji kwenye hita ya ndani ya gari, akakitia kisanduku katikati. Na kwa kuwa gari letu liliagizwa kwa ajili ya nchi za joto na halikuwa na hita, ilimbidi afungue tundu la hita lililozibwa kwenye injini tangu kiwandani, akalipa kazi yake kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe. Upande wa pili huwekwa tangi la maji, letu ni la lita 60, pampu ndogo ya umeme wa betri ya volti 12 yenye fyuzi na rilei yake, na chujio la wavu mwembamba, maana njia za ndani ya kisanduku hazizidi milimita chache, na tope la mto mmoja tu laweza kuziziba zote. Gharama ya vitu hivi vyote pamoja na ufundi haikufikia bei ya tairi mbili mpya za gari lilelile.

Kazi ilifanyika Arusha, katika gereji ya wazi chini ya mwarobaini, na ilichukua siku mbili, ambazo nusu yake ilikwenda katika kubishana mahali pa kukifunga kisanduku. Fundi, ambaye simtaji kwa kuwa mikono yake ni mizuri na kosa lake lilikuwa la haraka tu, alikiweka juu kabisa karibu na ukuta wa injini, mahali pakavu na penye nafasi, akajaza maji ya rejeta, akafunga kifuniko, akapokea ujira wake. Mimi nikaondoka nikijiona nimefuzu. Tulipofika Mto wa Mbu na kuanza kuipanda ngema ya Bonde la Ufa kuelekea Karatu, mshale wa joto, ambao katika gari lile haujapata kuvuka nusu, ulianza kupanda pamoja nasi, kwanza kwa aibu, kisha kwa ujeuri. Tukasimama kwenye kona, tukatia mawe nyuma ya magurudumu, tukafungua boneti, na kila dereva aliyetupita akatupungia mkono wa rambirambi. Dereva wetu, aliyekwisha niambia tangu mwanzo kwamba anayechokoza mshipa wa injini anatafuta maradhi, alikuwa na adabu ya kutosha asiseme kitu. Alikaa juu ya jiwe akachambua chungwa.

Sababu ilikuwa ni hewa. Kisanduku kimekaa juu kuliko mdomo wa rejeta, na hewa, kwa tabia yake ya kupenda vyeo, ilipanda ikakaa humo, ikayakatiza maji mzunguko wake. Tulingoja hata injini ikapoa kweli, si kupoa kwa mdomo, kwani afunguaye kifuniko cha rejeta iliyo moto hupata usoni mvuke uliofinywa, na hospitali zetu zinawajua watu hao. Kisha tukaligeuza gari hata pua yake ikaelekea mlimani, tukafungua kifuniko, tukawasha injini taratibu, na mimi kwa mikono yangu nikawa naikamua mipira kama akamuaye ng'ombe, mapovu yakatoka moja baada ya moja, tukaongeza karibu lita mbili za maji mahali palipodhaniwa pamejaa. Baada ya hapo mshale ulirudi kukaa mahali pake, na haujaondoka hadi leo. Tuliporejea Arusha kisanduku kilishushwa chini kwa kiasi cha shibiri moja.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo wanalolishika wapinzani wa rai yangu, nao ni watu wenye akili. Husema kwamba mfumo wa kupoza injini ni amana, kwamba kila kiungo kipya ni mahali papya pa kuvujia, na kwamba mtu aliyekwama katikati ya Katavi wakati wa masika hatafarijiwa na kumbukumbu ya josho alilolioga jana. Ni kweli. Walakini mipira na klipu ni vitu vile vile vilivyomo katika kila gari lenye hita, na hatujasikia mtu akiing'oa hita ya gari lake kwa hofu hiyo. Linalotakiwa ni mpira wa daraja la kustahimili moto, klipu za chuma zinazokazwa mara ya pili baada ya safari ya kwanza, na koki mbili za kuufunga mzunguko ule wote na kuutenga na injini pindi ukivuja. Koki hizo mbili ndizo zinazomlaza mtu usingizi nyikani, nami simwelewi fundi azionaye kuwa ni urembo.

Ninachokiogopa mimi hasa ni ubahili. Nimeonyeshwa gari ambalo mwenyewe, kwa kukwepa bei ya kisanduku, ameyatoa maji ya kuoga moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa rejeta, akajisifu kwa werevu. Na hali ndani ya rejeta za siku hizi mna dawa ya ethilini glaikoli, ambayo ni tamu mdomoni na ni sumu tumboni, iuayo mbwa na watoto kwa sababu ya utamu huohuo. Wapo pia wanaozungusha bomba la shaba kwenye eksozi, mahali penye joto la mamia ya nyuzi, maji yakageuka mvuke ghafla yakamtemea mwogaji. Hata kisanduku kilicho sahihi kina hatari yake, kwani maji ya injini ni nyuzi 85 au zaidi, na maji ya kuoga yakikawia humo hukaribia moto huo. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi, seuze ya mtoto. Kwa hiyo lazima pawepo valvu ya kuchanganya moto na baridi yenyewe, iliyofungwa isipite nyuzi 40 na kidogo. Mwenye kuiondoa valvu hiyo kwa ajili ya kuokoa fedha asiite kifaa chake bafu.

Wengine hupinga kwa hoja ya anasa, na hawa ndio wanaonikera. Gari la safari la siku hizi utalikuta na taa nane kipajini, winchi isiyopata kuvuta hata mbuzi, jokofu la soda, na viti vilivyoshonwa upya kwa ngozi, na hakuna aliyeuliza kama hayo ni anasa. Lakini ukitaja maji ya moto ya kumwogesha mwendeshaji, ghafla kila mtu anakuwa zahidi. Hushika pia hoja ya uchache wa maji, kana kwamba maji moto hunywewa na nyika kuliko baridi. Mimi nimepima: mtu aliye chini ya ndoo ya turubai humaliza lita 20 kwa kuwa hawezi kuizuia vizuri na sabuni imo machoni, ilhali kwa swichi ya pampu iliyo mkononi mwake, akiifungua kujirowesha na kuizima akijipaka sabuni, zile 12 humtosha na baki akafulia soksi.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaokusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema, nami nililipokea kwa furaha, ijapokuwa niliona kwamba neno lililotumika ni kupikia, na kwamba kuni za kuoga hazina anayezisemea. Katika nyanda za juu, kambini, kuni zinazochemsha maji ya wageni nazo ni miti.

Na suala hili halikomei kwa watalii. Msafara wa malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kutoka huko kuivuka Zambia hata Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo, hupita Mafinga na Makambako katika miezi ambayo mtu wa Kariakoo hajui kuwa nchi hii inayo. Na foleni za mipakani zaweza kuwaweka dereva na utingo wake siku kadhaa juu ya injini iliyo kubwa mara mbili na zaidi ya ile ya Land Cruiser. Sitaki kuwafundisha kazi watu waliozeekea barabarani. Nawauliza tu matajiri wao, wanaolipia dizeli hiyo, kama wamewahi kufikiri kwamba mtu aliyeoga maji ya moto na kulala anaendesha mzigo wa tani 30 kwa namna nyingine kabisa kuliko yule anayejikuna.

Ziko adabu za kuoga kwa injini, na tumezijifunza. Mwogaji hukaa upande usio na eksozi, penye upepo, wala hatujengi kizuizi cha turubai kinachogusa gari, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyonusika. Hatuogi kando ya mto. Hatuwashi injini asubuhi kwa ajili ya kuoga tu, maana dizeli ingurumayo bila ya mzigo hutoa joto dogo kwa mafuta ya bure, na hiyo ingekuwa ni kuirudia israfu kwa mlango wa nyuma; wakati wa kuoga ni ule wa kufika, chuma kikiwa kimeshiba moto wa njia nzima, na atakayechelewa ataoga vuguvugu.

Dereva wetu aliisusa bafu hiyo safari mbili nzima. Ya tatu tulifika Ngorongoro usiku, ukungu umefunika mpaka taa, na mimi kwa uchovu nilikuwa nimekwisha jiinamia kitini nikitafuta viatu. Nikasikia breki ya mkono ikivutwa, mlango ukafunguliwa, ndara zikakanyaga majani. Injini iliendelea kunguruma. Akaja dirishani kwangu na taulo begani na sabuni ndani ya kifuniko cha tambi, akaupokea baridi ule kama mtu asiyehusika nao.

"Mzee," akasema, "nisizime kwanza?"